Homa kali siku tatu halafu vipele: maswali kuhusu rozeola

Mtoto wa miezi 10, homa ilifika 39.5, leo imeshuka ila kifuani kajaa vipele. Ni surua?

Angalia vipele vimekuja lini. Kwenye surua vinatoka homa ikiwa bado juu, vinaanzia usoni na nyuma ya masikio, halafu mtoto ana kikohozi, mafua na macho mekundu. Rozeola, ugonjwa wa virusi wa watoto wadogo, homa inakaa siku 3 mpaka 5, ikishaondoka ndo vinatokea vidogo vya pinki kifuani, tumboni na mgongoni, kwa kawaida haviwashi na mtoto mwenyewe anacheza, baada ya siku moja au mbili vimeisha. Kwenye ngozi nyeusi havionekani vizuri, mwangalie penye mwanga. Kama hajapata chanjo ya surua ya miezi 9 au mtaani kuna surua, mpeleke akaonwe.

Kaambukizwa na nani wakati hatoki nje?

Mara nyingi ni sisi wakubwa. Kirusi chake, HHV-6, kinabaki mwilini maisha yote na kinatoka kwenye mate ya mtu mzima kabisa, kwahiyo usimlaumu dada wa kazi. Kinawapata zaidi wa miezi 6 mpaka miaka 2 maana kinga waliyotoka nayo kwa mama imepungua.

Siku ya pili tulimpa amoksilini ya dukani, si aleji hiyo?

Hapa ndo watoto wengi wanaonewa jamani. Homa ingeshuka yenyewe na vipele vingekuja tu, ila kwa sababu kanywa dawa basi inaandikwa kwenye kadi ana aleji ya penisilini (kundi la dawa ambalo amoksilini imo), anakua nayo hiyo mpaka ukubwani ananyimwa dawa nzuri wakati hana shida nayo. Antibayotiki haiui kirusi. Ila aleji ya kweli ipo, so mwambie daktari homa ilianza lini, dawa alianza lini, vipele lini, yeye ndo aamue, na usimrudishie dawa kabla hajasema.

Sasa homa ikiwa kali nifanye nini?

Kwanza kapime malaria, huku kwetu homa ya mtoto haikisiwi, rozeola huwezi kuijua siku ya kwanza. Mpe parasetamo kwa uzito wake, mnyonyeshe sana, mpunguzie nguo. Aspirini usimpe kabisa.

Akipata degedege?

Inatokea kwa baadhi yao homa inapopanda, wala sio mashetani. Mlaze ubavu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimfukize, angalia saa. Hata ikiisha mpeleke hospitali, na ikipita dakika 5 kimbia hapohapo. Kimbia pia kama hanyonyi, haamki vizuri, anapumua kwa shida, shingo imekakamaa au madoa hayafifii ukiyakandamiza na glasi ya kioo.