Mafuta ya kunukia katika vipodozi vya nyumbani: dhana potofu na ukweli

Hapa Bukavu, anayetaka kujitengenezea pomada au mafuta ya masaji hakosi malighafi: mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) yanapatikana sokoni Kadutu, parachichi ni tele, nta ya nyuki inanunulika, na mchaichai umepandwa kandokando ya nyua nyingi. Ugumu huanza pale kichupa cha mafuta ya kunukia kinapoongezwa katika mchanganyiko, kwa sababu juu ya kichupa hicho yanasemwa mengi yasiyo kweli, na wanaopakwa tunachotengeneza mara nyingi ni watoto wetu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kitu kilichotoka kwenye mmea hakiwezi kumdhuru mtu. Ukweli ni kwamba mafuta ya kunukia ni sehemu ndogo sana ya mmea, iliyokusanywa kwa kukenekwa kwa mvuke au, kwa jamii ya ndimu na machungwa, kwa kukamua maganda. Kilo 100 za majani ya mkaratusi hutoa takriban kilo 1 au 2 tu za mafuta, na kilo 1 ya mafuta ya waridi huhitaji maelfu ya kilo za petali. Kwa hiyo mama anayetia majani machache ya mkaratusi katika sufuria ya kujifukiza, na yule anayemimina humo kijiko cha mafuta yake, hawafanyi jambo moja hata kidogo. Sisi wa Kivu tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, kwani kwinini hutoka katika magamba ya mti wa kinkona, uliolimwa katika vilima vyetu kwa miaka mingi, na hakuna muuguzi anayeitoa bila kupima miligramu.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine: kwamba mafuta yakipakwa yenyewe, bila kuchanganywa na chochote, hufanya kazi vizuri zaidi. Wanaoitetea hupenda kisa cha mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, ambaye inasemekana aliungua mkono maabarani mwaka 1910, akautumbukiza katika pipa la lavenda na kupona papo hapo. Maelezo yake mwenyewe hayasemi hivyo. Aliandika kwamba aliuzima moto kwa kujiviringisha kwenye nyasi, na kwamba lavenda aliitumia baadaye, vidonda vilipokwisha kuingiwa na uozo. Aliyeungua jikoni leo anahitaji maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala si mafuta ya aina yoyote.

Madhara ya kupaka mafuta yasiyozimuliwa si muwasho wa siku moja tu. Ngozi inaweza kujenga mzio, na mzio huo kwa kawaida haumtoki mtu tena maishani, hata akija kukutana na kiasi kidogo cha harufu ileile ndani ya sabuni. Vipimo vyenyewe si vigumu. Mililita 1 ina takriban matone 20, ingawa idadi hubadilika kulingana na tundu la kichupa. Ukiwa na chupa ya mililita 100 ya mafuta ya mise au ya nazi, matone 20 yanakupa asilimia 1, kiwango kinachofaa kwa mtu mzima anayeanza. Matone 40 yanakupa asilimia 2, inayotosha kwa mwili. Na kwa uso, matone 10 si machache. Mafuta ya mchaichai yanataka uangalifu zaidi, yasizidi asilimia 0.7. Kabla ya kuitumia chupa nzima, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, kisha usubiri siku mbili, kwa kuwa mzio huchelewa kujitokeza.

Kuna dhana inayonihuzunisha kwa namna ya pekee, nayo ni kwamba mafuta ya ndimu au limau hung'arisha uso. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya ndimu, limau na bergamoti yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza. Mara nyingi uwekundu au malengelenge hutokea baada ya siku moja au zaidi, yakifuatiwa na mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi mingi. Ngozi yetu nyeusi haitukingi na mabaka hayo. Kinyume chake, ndiyo inayoyashika zaidi. Mji wetu uko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako miale ya jua ni mikali hata siku ya mawingu. Msichana aliyejipaka mchanganyiko huo asubuhi ili apendeze, kisha akashinda juani akiuza mboga, anaweza kuambulia kile alichokuwa akikikimbia. Mafuta ya limau yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tabia hiyo, hivyo soma kibandiko ujue yalipatikanaje, na kama hakisemi, usiyapake mchana.

Kwa mtoto mchanga mwenye mafua, wengi huamini kwamba tone la mkaratusi au la mnanaa chini ya pua humfungulia kifua. Kemikali zilizomo, yaani sineoli ya mkaratusi na mentoli ya mnanaa, zinaweza kumbana pumzi mtoto mdogo badala ya kumsaidia. Mafuta haya yasikaribie kabisa uso wake, na mtoto anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya.

Vivyo hivyo kuhusu mbu. Mafuta ya sitronela hufukuza mbu kweli, lakini huruka upesi na kinga yake hupungua ndani ya muda mfupi. Mafuta ya mkaratusi-limau yanayopendekezwa dhidi ya mbu yameboreshwa ili yawe na PMD nyingi, kemikali inayofukuza mbu, nayo hayafai kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Si sawa na mafuta ya mkaratusi ya kawaida. Chandarua chenye dawa kibaki kitandani.

Wengine hudhani matone yakidondoshwa katika beseni huchanganyika na maji ya kuoga. Hayachanganyiki: huelea juu na kugusa ngozi yakiwa na ukali wake wote, tena sehemu laini za mwili. Yachanganye kwanza na sabuni ya maji isiyo na harufu. Maji yana hatari nyingine pia, kwani losheni yenye maji, shubiri au parachichi huota bakteria na ukungu ndani ya siku chache, na harufu nzuri haithibitishi kwamba ni salama. Vitamini E huchelewesha kuchacha kwa mafuta, lakini haiui vijidudu. Asiye na kihifadhi cha vipodozi atengeneze pomada ya mafuta na nta pekee, na aichote kwa kijiko kikavu.

Maneno kama «safi asilimia 100» au «ya daraja la tiba» ni ya wauzaji. Tafuta jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika na namba ya toleo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: likiacha duara la mafuta lisilokauka hata kesho yake, huenda limechanganywa na mafuta ya kupikia, isipokuwa kwa mafuta mazito kama ya pachuli.

Vichupa vifungwe vizuri na kuwekwa gizani penye ubaridi, kwa maana mafuta ya ndimu na ya melaleuka (yauzwayo kwa jina la «tea tree») yakizeeka kwa hewa huongeza uwezo wake wa kuleta mzio. Viwekwe pia mbali na mikono ya watoto, kwani mililita chache za mkaratusi zikimezwa zinaweza kumtia mtoto degedege. Likitokea hilo, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe kichupa chenyewe ili daktari akione.