Farao ana ndevu, maandishi yanasema mwanamke

Watu wengi wakifika kwenye hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke wa Misri ya kale, pale Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile ukitokea Luxor, wanapiga selfi kwa mbele halafu hao wanasepa. Siwalaumu, maana kwa mbele ni balaa, majukwaa matatu yamepandana, katikati njia ya mteremko, nguzo zimesimama wima kama mipasuko ya jabali lililo nyuma yake mpaka unaona kama mlima ndo umeshuka ukageuka jengo. Ila wazo si jipya kihivyo, pembeni tu kuna hekalu la farao Mentuhotep II, limetangulia kwa miaka 500 na ushee, nalo lilikuwa na jukwaa na nguzo.

Mimi kazi yangu kusoma kuta, kwa hiyo nakwambia panda jukwaa la kati, shika kushoto. Hapo ndo imechongwa safari ya Punt, nchi ambako Wamisri walifuata ubani, mwaka wa 9 wa utawala wa Hatshepsut. Mchongo umeinuka kidogo sana juu ya jiwe la chokaa, ukiutazama kwa mbele huoni kitu, mwanga ukija kwa ubavu ndo unaona nyumba za juu ya miguu ya miti na ngazi zake, wanaume wamebeba miti ya ubani ndani ya vikapu na mizizi yake, na chini ya majahazi samaki waliochongwa vizuri hadi wataalamu wa samaki wanawatambua kuwa ni wa Bahari ya Shamu. (Wapo wanaong'ang'ania Punt ni Zanzibar. Jamani. Wataalamu wengi wanaiweka kati ya mashariki ya Sudan, Eritrea na Somalia.)

Sasa utamu wenyewe. Sehemu nyingi utaona umbo la mtu limegongwagongwa kwa patasi, kimebaki kivuli tu. Huyo ndo Hatshepsut. Miaka kama 20 baada ya kufa kwake Thutmose III, mtoto wake wa kambo aliyebaki kwenye kiti, akaamuru afutwe, na penye jina la Hatshepsut wakachonga la Thutmose mwenyewe au la baba au babu yake. Lakini Kimisri kinatofautisha mke na mume, neno la kike linaishia na t, na mafundi sijui ndo uvivu au haraka, jina wanabadilisha halafu maneno yanayofuata wanayaacha na sura yake ya kike. Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, alipofika 1829 alikuta mfalme mwenye ndevu za kifalme kabisa, ila maandishi yanamtaja kama mwanamke, akabaki ameduwaa.

Na mimi nikitafsiri kwa Kiswahili ndo nakwama kabisa, maana ile sentensi yao ya kila ukuta, "amemjengea baba yake Amun" (Amun ni mungu wao), kwetu haikwambii aliyejenga ni binti au kijana, so kila mstari inabidi niandike pembeni kwa penseli: wa kike, wa kike, wa kike.