Je, wajua mlango wa nje wa lifti hujuaje kwamba lifti imefika?

Ukibonyeza kitufe cha lifti katika jengo lolote la ghorofa hapa Dodoma, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Mshale unawaka, kengele inalia, mlango unafunguka, na chumba cha lifti kiko palepale, sakafu yake imelingana na sakafu uliyosimama. Mlango haufunguki mapema ukakuonyesha shimo tupu lenye kamba za chuma. Wala haufunguki kwako ghorofa ya pili ilhali lifti bado iko ya tano. Umejuaje?

Ukweli ni kwamba haujui chochote. Mlango ule unaouona ukiwa koridoni kwa kawaida hauna mota. Hauwezi kujifungua hata ungetaka. Unafunguliwa na chumba cha lifti kinapofika, na kikiondoka unabaki umekomewa. Uamuzi huo mmoja wa mafundi, wa kuunyima nguvu mlango wa nje, ndio unaomlinda kila anayesubiri lifti, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa mawazo bora kabisa katika ufundi wa majengo.

Jambo hili linatuhusu zaidi sasa kuliko zamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Tangu hapo majengo yamekwenda juu, mjini kati na kule Mji wa Serikali Mtumba. Watu wanaotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa kufuatilia mambo yao maofisini wanapanda lifti, wengine kwa mara ya kwanza, na mara nyingi wana mtoto mkononi. Hakuna anayewaeleza chombo kile kinavyofanya kazi, ila wanaambiwa tu wabonyeze namba.

Basi tuanze na milango yenyewe. Lifti ina milango ya aina mbili. Mlango wa ndani umefungwa kwenye chumba, unapanda na kushuka nacho. Mlango wa nje uko kila ghorofa, umeshikizwa kwenye ukuta wa shimo, na hauendi popote. Kwa hiyo lifti inayosimama sehemu kumi ina mlango wa ndani mmoja na milango ya nje kumi. Mota ya mlango iko moja tu, juu ya chumba, nayo inavuta ule wa ndani kwa mkanda unaozunguka kwenye makapi, yaani magurudumu ya kupitishia mkanda.

Mlango wa nje je, unavutwaje? Upande wa mlango wa ndani unaotazama shimo kuna mabapa mawili ya chuma yaliyosimama wima, yamekaribiana. Kila mlango wa nje nao, kwa upande wa shimoni, una vigurudumu viwili vidogo karibu na kufuli. Chumba kinapopita ghorofa bila kusimama, mabapa yanapita katikati ya vigurudumu bila kugusa kitu. Kikifika kinakotakiwa, mota inaanza kuzunguka, na kazi yake ya kwanza ni kuyatanua yale mabapa, kabla hata mlango haujasogea. Yakitanuka yanavisukuma vigurudumu, na kimoja kati ya hivyo kimeunganishwa na ndoano ya kufuli. Ndoano inanyanyuka, kufuli inaachia, na hapo ndipo mota inapovuta mlango wa ndani ukiwa umeushika ule wa nje. Milango yote miwili inakwenda pamoja hadi mwisho.

Ukikuta lifti ya kioo, simama pembeni uangalie. Utaona mabapa yakitanuka, kisha ndoano ikiruka juu, ndipo mlango usogee. Ni sehemu ya sekunde tu, lakini ukishaiona hutaitazama lifti tena kama zamani.

Sasa unaelewa kwa nini mlango wa ghorofa ya pili hauwezi kufunguka lifti ikiwa ya tano. Hakuna bapa la kugusa kigurudumu chake. Hata lifti ikiwa jirani, lazima iwe imekaribia sana usawa wa sakafu. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa lifti kiitwacho EN 81-20 kinataka eneo la kufungulia lisizidi sentimita 20 juu au chini ya sakafu, au sentimita 35 kwa milango ya ndani na ya nje inayoendeshwa kwa pamoja. Ndani ya eneo hilo lifti nyingi huanza kufungua mlango zikiwa bado zinajisogeza kidogo kidogo kutafuta usawa, ndiyo maana wakati mwingine unaona sakafu ikimalizikia kusogea huku mlango tayari una upenyo.

Wazo la kuviunganisha chumba na mlango halikuanza jana. Elisha Otis wa Marekani, aliyevumbua breki ya kuzuia lifti isianguke kamba ikikatika, aliweka lifti ya abiria katika jengo moja la New York mwaka 1857. Breki ilitibu hofu ya kuanguka na chumba. Haikumsaidia aliyesimama koridoni. Milango ya shimo ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kwa mkono, na aliyesahau kuifunga aliacha shimo wazi kwa anayefuata. Mwaka 1874 John W. Meaker alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya njia ya kufungua na kufunga milango hiyo. Kisha tarehe 11 Oktoba 1887 hataza nyingine ikatolewa kwa Alexander Miles wa Duluth, Minnesota, kinyozi mweusi aliyekuwa pia mfanyabiashara wa majengo.

Miles aliweka mkanda unaonyumbulika kwenye chumba cha lifti. Chumba kikisogea, mkanda uligusana na ngoma zilizowekwa shimoni, juu kidogo na chini kidogo ya kila sakafu, na mwendo huo ukapitishwa kwa wenzo na vigurudumu hadi kwenye milango. Mlango ukafunguka na kujifunga kwa sababu lifti imefika au imeondoka, bila kumtegemea mtu akumbuke. Wapo wanaosambaza habari kwamba Miles ndiye aliyevumbua lifti. Hilo si kweli, na halimtendei haki, kwa kuwa alichokifanya kina heshima yake chenyewe: alichukua kazi iliyokuwa ikimtegemea binadamu asiyesahau, akaikabidhi kwa mashine. Alifariki mwaka 1918, na mwaka 2007 aliingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wavumbuzi wa Marekani.

Hata hivyo kufungua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mimi naiona nzito zaidi, ni kuhakikisha lifti haiondoki mlango ukiwa wazi. Kila mlango wa nje una swichi ndani ya kufuli yake, na swichi hizo zote zimeungwa kwenye waya mmoja, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya mlango wa ndani. Umeme lazima upite kwenye zote ndipo mota kubwa inayoendesha chumba iruhusiwe kuzunguka na breki iachie. Kiwango kinadai hata ndoano iwe imeingia angalau milimita 7 kabla ya swichi kukubali. Mlango wa ghorofa ya saba ukiwa na upenyo wa kidole, lifti nzima inasimama, hata kama wewe uko ya kwanza na mlango wako umefungwa vizuri. Watu hulalamika: taa inawaka, vitufe vinawaka, mbona haiendi? Mara nyingi ni hilo. Mlango fulani kwenye jengo haujakubali.

Mlango wa nje ukiachwa na chumba, unajirudisha wenyewe. Baadhi ina springi. Mingi ina uzito wa chuma unaoning'inia kwenye waya ndani ya mlango, ukiuvuta kuelekea upande wa kufunga saa zote. Fundi aliyeko shimoni akiusukuma wazi kwa mkono, akiuachia unarudi. Kwa hiyo ukikuta mlango wa nje umebaki wazi na hakuna chumba nyuma yake, fahamu kwamba kuna kitu kimeharibika vibaya. Usichungulie. Wazuie watoto, simama mbali, mwite mlinzi.

Na hapa Dodoma tuna adui wa milango ambaye hatajwi sana: vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo unavuma, na ujenzi hauishi. Chini ya kila mlango wa lifti kuna kizingiti cha alumini chenye mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo kunateleza vipande vya plastiki vinavyoushika mlango usiyumbe. Viatu vinaleta mchanga, ufagio unausukumia humohumo, na mchanga ukichanganyika na maji ya kudekia unaganda. Nilimkuta fundi mmoja mjini kati amepiga magoti mlangoni, anachokonoa mfereji kwa bisibisi bapa na brashi ya kupaka rangi. Mama mmoja mtu mzima alitaka kupita.

"Shikamoo mama. Naomba usubiri kidogo, nimalizie hapa."

"Marahaba mwanangu. Kwani imekufa?"

"Haijafa mama, imekula mchanga."

Alinionyesha alichotoa: mchanga mwekundu, maganda ya karanga, kifuniko cha chupa kilichobanwa hadi kuwa bapa, na kipande cha vigae vya sakafu. Kipande kile kilikuwa kinauzuia mlango usifike mwisho, ndoano haiingii, swichi haikubali. Ukiuliza mafundi wa lifti hitilafu nyingi zinatoka wapi, watakutajia milango kabla ya kamba na mota. Ndicho kiungo kinachofanya kazi mara nyingi kuliko vyote, na ndicho tunachokigusa, kukipiga teke na kukizuia kwa ndoo.

Kuhusu kufunga, wengi wanaogopa kubanwa. Nguvu ya mlango unaojifunga imewekewa ukomo wa nyutoni 150, karibu sawa na uzito wa kilo 15, kwa hiyo haukusudiwi kumvunja mtu. Tena kwenye lifti za sasa kuna pazia la miale isiyoonekana kati ya kingo mbili za mlango. Ukikatiza miale, mlango unarudi. Lakini pazia hilo lina mipaka. Kiwango kinalitaka lifanye kazi kuanzia sentimita 2.5 juu ya kizingiti hadi mita 1.6, na litambue kitu chenye unene wa sentimita 5 au zaidi. Mtandio, ncha ya khanga, kamba ya mzigo au mkanda wa begi unaweza usionekane kabisa. Mlango utajifunga, lifti itaanza safari, na kilichobaki nje kitabaki nje. Mwenye mtoto amwingize kwanza, avute nguo yake yote ndani, asimame mbali na mlango. Na kuwekea mkono mlango unaojifunga si njia. Ndani kuna kitufe chenye mishale miwili inayopeana mgongo, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia, hicho ndicho cha kufungulia.

Umeme ukikatika katikati ya ghorofa mbili, breki inabana yenyewe, kwa kuwa springi ndizo zinazoibana na umeme ndio unaoiachia. Chumba hakianguki. Wala hewa haiishi, kwa sababu chumba cha lifti kina matundu ya hewa na hakijazibwa kabisa. Hatari inaanza watu wanapoamua kujiokoa. Mlango wa ndani wa lifti za kisasa, chumba kikiwa nje ya eneo la sakafu, umezuiwa usifunguke zaidi ya sentimita 5, na sababu ni nzuri: aliyeusukuma akarukia ghorofa ya chini huacha nyuma yake upenyo kati ya sakafu ya chumba na sakafu ya jengo, na upenyo huo unaelekea shimoni. Bonyeza kengele, piga simu kwa namba iliyobandikwa, kaa chini usubiri.

Ukiwa koridoni, kitu pekee kinachoweza kuufungua mlango wa nje bila lifti kuwepo ni ufunguo wa pembetatu. Tundu lake utaliona juu ya mlango au kwenye fremu, dogo. Ni kwa ajili ya uokoaji na matengenezo, na anayestahili kuushika ni aliyefundishwa. Mtu akiutumia akidhani chumba kipo, akapiga hatua bila kutazama, ulinzi wote niliousimulia unakuwa haupo tena, kwa sababu ameuondoa kwa mkono wake. Msimamizi wa jengo anayeutundika ufunguo huo kwenye msumari ofisini ili yeyote autumie anacheza na roho za watu. Ukae umefungiwa, na anayeuchukua aandikwe.

Na ule mlango unaofunga, unafungua, unafunga, unafungua, huku watu ndani wakibonyeza kwa hasira? Haujachanganyikiwa. Umefika mwisho lakini swichi ya kufuli haijakubali, basi mfumo unajaribu tena. Ukijaribu mara kadhaa bila mafanikio, unaacha mlango wazi na kugoma kuondoka. Shukeni, mpande ngazi, na mlinzi aandike ni ghorofa gani ilitokea, maana fundi ataanzia kwenye kizingiti cha ghorofa hiyo.