Je, wajua kwa nini mtalii humwamini mtu asiyemjua kuliko hoteli anayoilipa?

Mtu aliyeko Munich au Mumbai hutuma malipo ya awali, ambayo si pesa kidogo, kwa kampuni ya safari yenye ofisi ya chumba kimoja katikati ya Nairobi. Ofisi yenyewe hajawahi kuiona, na hapa Kenya hana anayemjua. Kilichomtuliza moyo ni maneno ya wasafiri waliomtangulia, na hata hao hajawahi kukutana nao. Inakuwaje?

Safari hulipiwa kabla ya kuonjwa. Kiatu utakijaribu dukani, gari utaliwasha ulisikie, lakini siku tatu za Maasai Mara hazijaribiwi. Unauziwa mbuzi kwenye gunia. Zamani waliochungulia gunia hilo kwa niaba yako walikuwa wachache: wakala wa safari, ambaye naye alitaka kuuza, na vitabu vya mwongozo kama vya Lonely Planet, iliyoanza mwaka 1973. Kitabu kikishachapishwa kimechapishwa. Mpishi akihama au bwawa la kuogelea likikauka, msomaji atayajua hayo akishafika.

Kinachochekesha ni kwamba hata Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, ilipoanza Marekani mwaka 2000, haikuyalenga maoni hayo. Ilikusanya makala za magazeti na vitabu vya mwongozo, na nafasi ya msomaji kuandika yake ikawekwa kama nyongeza tu. Watu wakaikimbilia nyongeza.

Waliikimbilia kwa sababu tangazo halilalamiki. Msafiri akiandika kwamba maji ya moto yalitoka asubuhi tu na jenereta ilizimwa usiku, halafu aseme chakula kilikuwa kitamu, utaamini habari ya chakula. Lawama ndizo zinazoipa sifa uzito. Mimi nikiona kambi ambayo haijawahi kumkera mgeni hata mmoja, nasita.

Maoni hayo yana thamani ya pesa. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard aliichunguza migahawa ya Seattle, Marekani, na nyota ilizopewa na wateja kwenye mtandao wa maoni wa Yelp. Aligundua kuwa nyota moja zaidi huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ila faida hiyo iliwaendea wenye migahawa ya kujitegemea; ile yenye matawi na jina kubwa haikutikisika. Asiye na jina ndiye anayehitaji kusemewa, na ndiyo maana kampuni ndogo za Nairobi huyahangaikia maoni kuliko hoteli kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kampuni hawakulitarajia. Ukisoma maoni ya safari za Kenya, utaona wageni hawaisifu sana kampuni. Humsifu dereva kwa jina lake: alivyomwona chui juu ya mti kabla ya wengine, alivyozima injini ili ndovu wapite, alivyomkumbuka mtoto asiyekula nyama. Mgeni anayefuata huandika, "Tupeni huyo huyo." Waongozaji wana mitihani yao, ile ya beji za shaba, fedha na dhahabu chini ya KPSGA, chama cha waongozaji wa safari nchini, na beji ya dhahabu si ya mchezo. Lakini mteja aliyeko ng'ambo huulizia jina alilolisoma, na dereva akihamia kampuni nyingine, sifa zake huenda naye.

Wakenya wenyewe walionyesha nguvu hii ya maneno ya watu wa kawaida Julai 2015. Rais Obama alipokuwa njiani kuja Nairobi, CNN iliiita sehemu hii ya dunia kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaijibu CNN kwenye Twitter kwa #SomeoneTellCNN, kwa mzaha na kwa hasira. Bodi ya Utalii ikasimamisha matangazo yake katika kituo hicho, na mwezi uliofuata mkubwa mmoja wa CNN akapanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi.

Penye pesa matapeli hawakosekani. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kibanda cha nyuma ya nyumba London kama mgahawa, akaomba marafiki wakisifu, na kikashika namba moja ya jiji zima kwenye Tripadvisor bila kuuza sahani hata moja. Marekani ilianza kutekeleza kanuni dhidi ya maoni bandia Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata Aprili 2025.

Wewe wa Nairobi unayepanga kutuma M-Pesa kwa ajili ya wikendi ya Naivasha, tazama tarehe za maoni. Sifa kumi zikiandikwa wiki moja, na watu ambao hawajawahi kuandika kuhusu mahali pengine, kaa chonjo. Booking.com hupokea maoni ya walioweka nafasi kupitia kwao pekee, kwa hiyo kudanganya huko ni kugumu zaidi. Na kabla ya kulipa, itake kampuni ikuonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Iliyo nayo haitaona shida kukutumia picha yake.