Hewa ndani ya bomba: mchoro wa ubaoni unavyosomwa vibaya

Aliyesoma fizikia ya sekondari anaujua mchoro ule wa wimbi la sauti: bomba limelazwa, ndani yake mistari miwili iliyopinda inakutana na kuachana. Mchoro wenyewe hauna kosa. Wengi huusoma wakidhani hewa inapanda na kushuka, ilhali hewa huenda mbele na nyuma kufuata urefu wa bomba. Mistari ile ni grafu tu ya kiasi ambacho hewa ya mahali fulani inasogea; inapokutana, hewa haisogei, na hapo huitwa nodi. Maneno yaliyo katika alama za nukuu hapa chini ni dhana za kawaida ninazozipima moja moja.

"Kwenye nodi hakuna sauti"

Nodi ya nini? Kwenye mwisho uliozibwa hewa haina pa kwenda, kwa hiyo haisogei: hiyo ni nodi ya mwendo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo inasongamana pale na kuachia, tena na tena, na mgandamizo wake hubadilika kuliko kwingine kokote. Sikio na maikrofoni za kawaida hupokea mabadiliko ya mgandamizo. Ingiza maikrofoni ndogo ndani ya bomba, nayo itapokea sauti kubwa kabisa pale pale kwenye kizibo. Mwaka 1866 Mjerumani August Kundt alitumia bomba la kioo lenye unga laini. Unga ulitimuliwa palipo na mwendo mwingi, ukajikusanya kwenye nodi. Ukiutazama unga unaona mwendo. Mgandamizo ni habari nyingine.

"Upande ulio wazi sauti hutoka, hairudi"

Ingekuwa hivyo, filimbi isingelia. Hii ndiyo dhana ninayoona imeshika mizizi kuliko zote, kwa kuwa ukuta unaorudisha sauti tunauelewa, uwazi unaorudisha sauti hatuuelewi. Nje ya mdomo wa bomba kuna hewa tele ambayo mgandamizo wake hautikisiki kirahisi. Msongamano ukifika mdomoni, hewa hufumuka nje, hupitiliza, na kuacha upungufu nyuma yake. Upungufu huo ndio unaorudi ndani. Kwenye kizibo msongamano hurudi ukiwa msongamano; mdomoni hurudi umegeuka.

Noti yote inaamuliwa na tofauti hiyo. Bomba lililo wazi pande zote mbili hutoa masafa ya msingi (masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hupimwa kwa Hz), kisha mara mbili yake, mara tatu, mara nne: hizo ndizo hamoniki. Ukiziba upande mmoja, wimbi hulazimika kusafiri urefu wa bomba mara nne ndipo lirudie hali yake ya mwanzo, hivyo masafa ya msingi hushuka hadi nusu. Bomba la mita moja hutoka karibu Hz 170 hadi karibu Hz 85. Chukua bomba la PVC, lipige mdomoni kwa kandambili na uiache imeziba. Halafu piga tena na kuiondoa papo hapo. Noti ya pili iko oktava moja juu, yaani masafa yake ni mara mbili.

"Kilichozibwa upande mmoja hutoa hamoniki za namba witiri tu"

Kweli, kama upana wa bomba ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Klarineti iko karibu na hali hiyo, na ikipandishwa rejista, yaani ngazi ya juu ya noti zake, masafa huruka mara tatu. Saksofoni nayo imezibwa na mwanzi (kipande chembamba kinachotikisika mdomoni mwa mpigaji), ila bomba lake ni la umbo la koni, na koni hutoa witiri na shufwa pia. Yenyewe huruka mara mbili, sawa na filimbi.

"Urefu wa bomba ni robo kamili ya wimbi"

Dhana hii imewafanya wanafunzi wengi wapike data. Kwa uma wa sauti (uma wa chuma unaotoa noti moja ukigongwa) wa Hz 512 na hewa ya nyuzi 20, ambamo sauti huenda mita 343 kwa sekunde, robo ya wimbi ni sm 16.7. Lakini bomba la kipenyo cha sm 4 lililozibwa upande mmoja huitikia, yaani hulia kwa nguvu pamoja na uma, urefu wake ukiwa sm 15.5 hivi, maana hewa iliyo nje kidogo ya mdomo nayo inacheza. Nyongeza hiyo ni takriban 0.6 ya nusu kipenyo. Tafuta mwitikio wa pili, karibu sm 49, utoe wa kwanza: unabaki na nusu ya wimbi, na nyongeza imejifuta yenyewe.

Kuhusu joto, wapo wanaosema bomba hutanuka na noti kushuka. Noti hupanda. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 chuma hurefuka kwa asilimia 0.012 tu, wakati kasi ya sauti huongezeka kwa karibu asilimia 1.7.

Chupa ya soda, kwa upande wake, haifuati kanuni ya robo ya wimbi. Hewa ya shingoni hucheza juu ya hewa ya tumboni kama mzigo juu ya springi, na noti huwa chini mno ya ile ambayo urefu wa chupa ungetabiri. Ongeza maji na upulize: noti inapanda. Badala ya kupuliza, igonge kwa kijiko: kadiri maji yanavyoongezeka noti inashuka, kwa kuwa sasa kinacholia ni kioo kilichobebeshwa maji.