Kuharibu Nako ni Ufundi: dhana potofu kuhusu wanasayansi na wasanii wa uharibifu

Kwenye filamu na katuni tumemzoea mwanasayansi mwovu: koti jeupe, nywele timtim, kicheko cha kutisha, kitufe kimoja chekundu. Anauteketeza mji, kisha anasimama kuutazama moshi kama mchoraji anayetazama mchoro wake ukutani. Huyo ni wa kubuni. Lakini wapo watu wa kweli walioufanya uharibifu kuwa sanaa, tena wengine walisaidiwa na wahandisi wa maabara kubwa za Marekani. Kazi yao hueleweka vibaya, na lawama nyingi anastahili yule wa kwenye filamu.

Dhana: Kubomoa ni rahisi, kujenga ndiko kugumu

Kuvunja ovyo ni rahisi, hilo halina ubishi. Kuvunja kwa mpangilio ni habari nyingine: hiki kife dakika ya tatu, kile dakika ya kumi, na mtazamaji aione kila hatua. Hapo fundi hodari hutoka jasho.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni mtambo wa Jean Tinguely, msanii wa Uswisi, uliowashwa jioni ya tarehe 17 Machi 1960 katika bustani ya Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York. Ulikuwa na urefu wa karibu mita 7 na kimo cha zaidi ya mita 8, wote umepakwa rangi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na magurudumu 80 hivi ya baiskeli na vigari, mota kuukuu, piano, beseni la kuogea, mapipa ya chuma, puto la kupimia hali ya hewa na mashine ya kuchora picha yenyewe. Vingi vilitoka kwenye majalala ya New Jersey. Tinguely aliuunda kwa takriban wiki tatu, akisaidiwa na Billy Klüver, mhandisi Mswidi wa maabara za Bell. Kazi ya wahandisi ilikuwa kuhakikisha mtambo unakufa kwa ratiba: saketi za umeme zilizofungwa moja baada ya nyingine kwa swichi za muda, na miguu ya chuma iliyokatwa na kuungwa upya kwa aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, ili ikipashwa moto kwa umeme iachie na kiunzi kijiangukie.

Aloi za namna hiyo zipo. Lehemu ya kawaida ya mafundi redio, mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kuanzia nyuzi joto 183 za Selsiasi. Aloi iitwayo ya Wood, yenye bismuthi, risasi, bati na kadmi, huyeyuka kwenye nyuzi 70 tu, yaani chini ya joto la chai inayochemka. Kadmi na risasi ni sumu, kwa hiyo si kitu cha kuchezea jikoni. Shida nyingine ya kiungo kama hicho ni kwamba chuma kinachokizunguka hunyonya joto. Nondo nene huligawa joto pande zote, na kama usiku ni wa baridi na upepo unavuma, dakika mbili ulizopima karakana zinaweza kuwa sita ukiwa nje.

Sasa tazama yaliyotokea. Mashine ya kuchora ilifungwa mkanda kinyume, karatasi ikajikunja kurudi ndani badala ya kujikunjua mbele ya watu. Kizima-moto kilichofichwa ndani ya piano kilitakiwa kufyatuka dakika ya 18, hakikufyatuka. Piano inawaka, mtungi uko ndani, hakuna ajuaye kama utapasuka. Tinguely mwenyewe akaomba mtu wa zimamoto aingilie. Watazamaji wakamzomea zimamoto wa watu, kwa kuwa walidhani ameharibu maonyesho. Mtambo ulidumu dakika 27, na mwisho wake ulihitaji msaada wa mikono ya binadamu.

Kwa hiyo mashine iliyokusudiwa kuharibika iliharibika vibaya. Sababu yake si uzembe. Mashine ya kawaida unaijaribu mara hamsini kabla ya kumkabidhi mteja. Hii huwezi kuijaribu nzima hata mara moja, maana jaribio ndilo tukio. Unaweza kupima kila kipande peke yake, lakini moto wa kipande A hufika kwenye waya wa kipande B kabla ya zamu yake, na hilo halionekani mpaka siku yenyewe. Anayetaka kupunguza aibu huweka saa na swichi za muda nje kabisa ya eneo la moto, hutenga saketi ya kila hatua ili fyuzi moja ikikatika isiue zote, hukimbiza mikanda kwa mkono kwanza kuona inazunguka upande gani, na huacha swichi kuu ya kuzima mikononi mwa mtu aliyesimama mbali. Yule jambazi wa filamu na kitufe chake kimoja asingefika popote. Kitufe kimoja maana yake ni mahali pamoja pa kuharibikiwa.

Dhana: Ni fujo, haina sayansi ndani yake

Tarehe 3 Julai 1961, kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames jijini London, msanii Gustav Metzger aliwamba vitambaa vitatu vya nailoni, kimoja nyuma ya kingine: cheupe mbele, cheusi katikati, chekundu nyuma. Kimo kilikuwa futi 7, urefu futi 12 na nusu, kina futi 6. Akavaa barakoa ya gesi, akaanza kupaka, kurusha na kunyunyiza asidi ya haidrokloriki. Kwa maelezo aliyoyachapisha mwenyewe, nailoni ililika pale ilipoguswa ndani ya sekunde 15.

Kila uamuzi hapo una sababu ya kikemia. Nailoni ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikizwa kwa viungo vya amidi, na asidi kali huishambulia haraka. Angetumia pamba, angesubiri sana, nguo ikidhoofika polepole bila kutoboka kwa uzuri. Poliesta nayo huistahimili asidi hiyo vizuri zaidi. Kuwamba pia si urembo: kitambaa kilichovutwa kama ngozi ya ngoma kikitoboka, mvutano hulipanua tundu lenyewe na kingo zake hukimbia, kilicholegea hubaki kimejikunja tu kama dekio. Na kwa kuwa tabaka zilikuwa tatu, tundu la kwanza lilifungua rangi ya pili, la pili likafungua ya tatu, mpaka upande wa pili ukaonekana.

Kinachoharibika katika kazi ya aina hii ni pua, macho na mapafu ya mtendaji, kwani asidi ya haidrokloriki iliyokolea hutoa mvuke mkali hata bila kurushwa. Ndiyo maana ilifanyika nje, na barakoa haikuwa vazi la maigizo. Upepo ukigeuka, asidi iliyorushwa humrudia mrushaji.

Siku hiyohiyo alionyesha kazi ya vioo: vipande vilivyoning'inizwa kwa utepe wa gundi kwenye kiunzi chenye kimo cha futi 13, vidondoke sakafuni kwa zege kwa mfuatano uliopangwa. Nani adondoke kwanza, nani afuate, yote yalikuwa yamekwisha kuamuliwa.

Dhana: Wanaopenda sanaa hii wanapenda maangamizi

Hapa ndipo mhusika wa filamu anapotupotosha zaidi.

Metzger alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1926, kwa wazazi Wayahudi kutoka Poland. Mwaka 1939 yeye na kaka yake walipelekwa Uingereza pamoja na watoto wakimbizi. Wazazi wao hawakunusurika. Mtu huyo alipoandika tamko lake la kwanza la sanaa ya kujiharibu, Novemba 1959, alikuwa akiishi katika dunia ya mabomu ya nyuklia, na alikuwa mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele kuyapinga. Mwaka 1961 alifungwa jela mwezi mmoja pamoja na wenzake wa kamati ya mwanafalsafa Bertrand Russell kwa sababu ya upinzani huo. Hoja yake inaeleweka vizuri zaidi ukiisoma kinyume na ilivyozoeleka: serikali na viwanda ndivyo vinavyoharibu bila kuonekana, basi na uonekane uharibifu wenyewe, kwa mita za mraba na kwa sekunde, mtu asimame autazame.

Tinguely naye, tarehe 21 Machi 1962, alilipua mkusanyiko wa vyuma chakavu kwenye jangwa la Nevada, karibu na Las Vegas, mbele ya kamera za televisheni. Nevada ndiko Marekani ilikokuwa ikijaribu mabomu yake ya atomiki. Mahali penyewe palikuwa sehemu ya ujumbe.

Wapo pia waliofanya hivyo kwa kujionyesha tu, na baadhi ya kazi za miaka ile, hasa zilizohusu mizoga ya wanyama, hazistahili kutetewa kwa neno sanaa.

Dhana: Ukiiita sanaa, sheria haikugusi

Septemba 1966 Metzger na wenzake waliandaa kongamano la uharibifu katika sanaa jijini London. Mikutano yake mikuu ilifanyika Africa Centre, Covent Garden, jumba lililofunguliwa na Kenneth Kaunda miaka miwili kabla. Onyesho moja la msanii wa Austria, lililofanyika kwingine, liliwafikisha Metzger na mwenzake mahakamani kwa kosa la maonyesho machafu, na mwaka 1967 Metzger akatozwa faini ya pauni 100.

Dhana: Moto humaliza kila kitu

Wakenya wana ushahidi wao. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliwasha rundo la tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Hakuna aliyeiita sanaa, ila ilikusudiwa itazamwe na dunia nzima, na aliyeitwa kuipanga alikuwa mtaalamu wa mioto ya filamu. Aliitwa kwa sababu pembe haiwaki. Pembe ya ndovu ni jino. Sehemu kubwa yake ni madini ya kalisi na fosfeti. Ukiitupa kwenye moto wa kuni inaungua ngozi ya juu, inakuwa nyeusi, ndani inabaki vilevile. Ilibidi pembe zipakwe kitu kinachoshika moto na rundo lilishwe mafuta, ndipo picha iliyozunguka duniani ikapatikana. Miali mirefu waliyoiona watu ilikuwa ya mafuta zaidi kuliko ya pembe.

Tarehe 30 Aprili 2016 kazi ilikuwa kubwa zaidi: tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Safari hii mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya taa ulisukumwa kwa mabomba ya chuma hadi kiini cha marundo, kwa maelfu ya lita, pamoja na hewa ya kuuchochea. Rais Uhuru Kenyatta aliondoka, kamera zikaondoka, moto ukaendelea kwa siku kadhaa. Anayedhani kiberiti na galoni moja vinatosha ajaribu kwanza kuchoma jino la ng'ombe.

Dhana: Kilichoharibiwa hakina thamani tena

Tarehe 5 Oktoba 2018, kwenye mnada wa London, picha ya Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza, ya msichana na puto iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni moja. Nyundo ilipogongwa tu, ikaanza kushuka kupitia mashine ya kuchana karatasi iliyofichwa ndani ya fremu. Ilikwama katikati. Baadaye msanii alidokeza kwamba kwenye mazoezi ilichana yote, nasi tunarudi palepale kwa Tinguely: siku ya siku mashine ina mambo yake. Picha hiyo, nusu nzima na nusu mbavumbavu, iliuzwa tena Oktoba 2021 kwa pauni milioni 18.58.

Msanii Michael Landy aliikwepa biashara hiyo kwa makusudi. Februari 2001, katika duka lililofungwa la Oxford Street, aliharibu kila alichomiliki: vitu 7,227, kuanzia soksi hadi gari lake la Saab. Orodha peke yake ilimchukua miaka mitatu. Wafanyakazi kama kumi na wawili walivifungua vitu kwa mikono, skrubu kwa skrubu, vikizunguka kwenye trei za manjano juu ya mikanda, kisha vikasagwa. Ilichukua wiki mbili. Takriban tani sita za taka zilipelekwa dampo na hakikuuzwa hata kipande.

Dhana: Kazi ikishaharibika, makumbusho hayana cha kutunza

Tamko la kwanza la Metzger lilisema kazi ya namna hii iweze kuishi kuanzia muda mfupi tu hadi miaka 20, na ikishamaliza kuoza iondolewe ikatupwe. Makumbusho hayakumtii. Kipande cha mtambo wa Tinguely kimehifadhiwa New York mpaka leo.

Mwaka 2004 jumba la makumbusho la Tate Britain, London, lilionyesha upya kazi ya Metzger ya asidi na nailoni, na sehemu yake ilikuwa mfuko wa plastiki wa uwazi uliojaa karatasi na makadibodi yaliyotupwa. Mfagiaji aliukuta, akaona taka, akautupa. Ulipatikana, lakini ulikuwa umeharibika, na Metzger akakataa urudishwe. Akajaza mfuko mwingine.