Acheni kushinda mazoezini

Hii naiandika kwa vijana wanaokimbia na zaidi kwa makocha wenzangu, maana tatizo ninaloliona kwenye vikundi vingi vya riadha huku Arusha mara nyingi linaanzia kwetu sisi tulioshika saa. Vijana wanashindana mazoezini. Jumanne uwanjani wanashindana, Alhamisi kwenye mbio ndefu wanashindana, hata siku ya kujogi tu, siku ambayo mwili unatakiwa upumue, utakuta kumi wameanza pamoja wanapiga stori vizuri halafu mmoja anajisogeza nusu hatua mbele, mwingine anamjibu, baada ya dakika ishirini hakuna anayeongea tena, kila mtu anahema na kilomita za mwisho zimeshageuka fainali ya Olimpiki. Wakifika, kocha anaangalia saa yake anasema "leo mmekimbia!" na vijana wanacheka wamefurahi. Basi, kesho watarudia hivyo hivyo, kwa sababu mwanariadha anafanya kile kocha wake anachokisifia.

Ubaya wake ni huu. Mazoezi yenyewe yanauchosha mwili, kuimarika kunakuja baadaye ukiwa umekula na umelala. Na mwili hauimariki wote kwa spidi moja, moyo na mapafu vinazoea mapema, kano na mifupa vinachelewa sana. Kwa hiyo dogo akifikisha wiki ya sita au ya nane anajisikia simba, pumzi ipo, miguu myepesi, anaona kocha anambania bure, kumbe lile kano la kisigino bado liko nyuma kabisa. Hapo ndipo wengi wanaumia, wakati wanajisikia vizuri kuliko siku zote. Ndio maana nasema subira ni sehemu ya mazoezi kama zilivyo intavo, zile mbio fupi za kasi zenye mapumziko katikati, inafundishwa, na kocha asiyekuwa nayo hawezi kumpa mtu.

Mfano tunao nyumbani. Alphonce Simbu mwaka 2016 alikuwa wa tano kwenye maratoni ya Olimpiki ya Rio. 2017 akapata shaba ya dunia London kwa 2:09:51, sekunde mbili tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha. Sekunde mbili kwenye kilomita 42! Ukiambiwa hapo kwamba medali yake nyingine ya mashindano ya dunia utaisubiri miaka minane, ungesema jamaa kaisha, na kweli watu walisema hivyo. Yeye akaendelea na kazi. Olimpiki ya Tokyo, ile iliyokimbiwa Sapporo 2021, akawa wa saba. Aprili 2025 akawa wa pili Boston kwa 2:05:04, muda sawasawa na Cybrian Kotut wa Kenya aliyekuwa wa tatu, yaani walimalizana kwa mbio za mwisho mwisho. Halafu Septemba 15, 2025 Tokyo, kwenye joto lile, anaingia uwanjani yuko nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, wanafika mstarini wote 2:09:48 na picha inaonyesha Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha.

Mimi ile mbio nimeiangalia mara nyingi na kinachonigusa zaidi ni zile mita mia za mwisho. Mtu aliyezoea kumaliza nguvu zake zote kila Jumanne ili awapite wenzake kambini hana cha kutoa pale. Na muda wake angalia vizuri, London 2:09:51, Tokyo 2:09:48. Ukipima kwa saa peke yake utasema miaka minane kapunguza sekunde tatu tu, hajakua huyu. Ila kakua, tena sana, kakua kwenye kusoma mbio, kwenye kutulia, kwenye kujua lini aondoke. Saa haiandiki hayo.

Sasa kama saa haiandiki, nani aandike? Wewe, kwenye daftari. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa maratoni wa Kenya, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono miaka nenda rudi, na kwenye kikundi changu ni lazima, daftari la kawaida tu la shule. Ukurasa wa kijana wangu mmoja uko hivi: "Alhamisi. Km 24, njia ya vumbi. Nimelala masaa sita. Kisigino cha kushoto kinavuta asubuhi, kikipata moto kinaacha. Nilibaki kwenye pesi (mwendo) yangu mpaka kilima cha mwisho, wawili walinipita sikuwafuata." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipigia mstari na ndiyo niliyoisifia mbele ya wenzake. Na kile kisigino nilipokikuta tena kwenye kurasa mbili zilizofuata nikamtoa kwenye spidi, tukakiwahi kabla hakijawa jeraha la kumlaza miezi. Kwa mdomo asingeniambia, vijana wetu wanaogopa kusema wanaumwa wasije wakaachwa kwenye timu.

Kitu kingine ni maneno ya kocha baada ya kushindwa. Faith Kipyegon wa Kenya Juni 26, 2025 alijaribu Paris kukimbia maili chini ya dakika nne, kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kufanya, dunia nzima inaangalia, akapata dakika nne na sekunde sita na kitu. Lengo halikufikiwa, hakuna namna ya kulipamba. Siku tisa baadaye, mjini Eugene, Marekani, kavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1500 kwa 3:48.68. Huyu ni mama aliyejifungua 2018, akarudi 2019 na medali ya fedha ya mashindano ya dunia Doha, 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki. Kocha wake Patrick Sang naye ana fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992, kuruka viunzi na maji, anajua kukosa dhahabu kunakuwaje. Ninachowaomba makocha wenzangu, mtu akishindwa msimpe hotuba pale pale mstarini. Mpe maji, mpe koti, muulize kesho yake "ulifanya nini vizuri?" halafu "nini kilikuwa mikononi mwako hukukifanya?" kwa mpangilio huo huo.

Maana kuna ambayo hayako mikononi. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa zamani, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch, New Zealand, 1974, 3:32.16, akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho. 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, akakosa mbio ambayo pengine ingekuwa yake. 1980 Moscow akarudi kwenye kuruka viunzi na maji, akachukua fedha. Huwa nawasimulia vijana wote hii, hasa wale waliokatwa timu ya taifa.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi wazi nalo ni hela. Sa hivi karibu kila wikiendi kuna mbio ya barabarani mahali fulani na zawadi ya taslimu, na kijana ambaye hajalipa kodi ya chumba huwezi kumhubiria subira akakusikia, anakimbia Jumapili Moshi, Jumapili inayofuata Dar, na mwaka ukiisha miguu imechoka na muda wake uko pale pale. Simlaumu hata kidogo. Ila kaeni naye Januari na kalenda mezani, mpige hesabu ya kodi na chakula kweli kweli, mchague mbio tatu nne ambazo zinalipa na zinaendana na mazoezi, nyingine aziache. Na mzazi au kaka anayemtegemea aitwe kwenye hicho kikao asikie mwenyewe, kwa sababu simu ya nyumbani ya Ijumaa usiku ya kuomba hela ndiyo inayovunja programu nyingi kuliko majeraha.